Shafti Iliyokatika Koboko: Nani Alipe?



Likizo iliyopita nilikuwa Arua kwa mjomba wangu, fundi wa vyuma. Akaja mama mmoja mjane kutoka Koboko, na ndani ya gunia amebeba shafti ya kinu chake cha kusaga muhogo na mahindi. Ilikuwa imelika pale inapokaa beringi. Kinu chenyewe ni cha zamani, kipuri chake hakipo dukani, na siku hizo mashine ya mjomba ya kukerezea ilikuwa imeharibika. Mjomba akaichora shafti kwa penseli kwenye karatasi ya daftari na kuandika vipimo vitano. Mimi, msomi wa ukoo, nikasema: nipe hiyo karatasi.

Nikaipiga picha, nikaipa programu ya akili mnemba. Programu za aina hii husoma mistari ya mkono na kujenga umbo kamili, kisha umbo hilo hugeuzwa kuwa amri ambazo mashine inayoongozwa na kompyuta huzifuata na kukata chuma. Faili lilitoka safi, nikalituma kwenye karakana moja Kampala. Baada ya siku chache shafti ikafika kwa basi, inang'aa kama kioo. Mama akalipa. Siku ya tisa ikakatika kinu kikizunguka. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia.

Ilikatika pale unene unapopungua kutoka milimita 40 hadi 35. Fundi wa mkono huacha mviringo mdogo kwenye kona ile, kwa sababu kona kali hukusanya nguvu zote mahali pamoja, na chuma kinachozunguka huanza kupasuka hapo taratibu bila mtu kuona. Mjomba hakuuchora mviringo huo. Hajawahi kuuchora maishani mwake, mkono wake ndio unaoujua. Karatasi ilionyesha mistari miwili inayokutana, na programu ikaikutanisha vivyo hivyo. Haikuuliza kitu. Nami sikujua kwamba kuna la kuuliza.

Sasa nani alipe? Mwenye karakana anasema alikata alicholetewa. Mjomba anasema alichora kama anavyojichorea mwenyewe. Programu imeandika chini ya ukurasa kwamba huenda ikakosea. Nami nilikuwa tayari na neno langu: nilituma tu.

Katika fiqhi suala la fundi na mali ya watu si geni. Asili yake fundi ni mwaminifu, hatozwi kilichoharibika bila kosa lake. Lakini imepokewa kwamba Sayyidna Ali (r.a.) aliwatoza mafundi dhamana, kwa hoja kuwa mambo ya watu hayatengemai ila kwa njia hiyo. Na dhamana huhitaji dhimma, yaani uwezo wa mtu kudaiwa. Programu haina dhimma. Haimiliki, haiapi, haifilisiki, wala haitasimamishwa Siku ya Kiyama. Kwa hiyo sehemu yake katika kosa lazima irudi kwa mwanadamu fulani.

Mwenzangu wa darasani alinitetea kwa Majalla, ile sheria ya Waothmani iliyoandikwa kati ya 1869 na 1876. Humo mna kanuni kwamba wakikutana mtendaji wa moja kwa moja na msababishaji, hukumu humwangukia mtendaji. Aliyekata chuma ni mwenye karakana, basi alipe yeye! Nakiri nilifurahi kwa muda. Kisha nikakumbuka Hadithi aliyoipokea Abu Daud, kwamba anayejitia utabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, ana dhamana. Tuangalie vizuri: Hadithi hii haimwulizi kama alikusudia mabaya. Kuingia kwenye kazi usiyoijua ndiko kuvuka mpaka kwenyewe. Karakana ilipokea faili kamili lenye sura ya kazi ya mhandisi, na aliyelivika sura hiyo ni mimi. Mchoro wa penseli ungemfanya mkerezaji apige simu. Uzuri wa faili langu ulimnyamazisha.

Sisemi programu hizi ni haramu. Kwa mwenye kinu cha zamani Koboko ni rehema kubwa, maana kipuri kinachochorwa Arua asubuhi kinaweza kuanza kukatwa mji mwingine jioni. Ninachosema ni kwamba kati ya karatasi na chuma lazima awepo mtu anayeijua kazi, aliyelitazama umbo na kukubali kudaiwa kwalo. Kumpigia simu mjomba kungechukua dakika kumi.

Bei ya shafti nimeirudisha kwa mafungu mawili, na mjomba amekereza nyingine baada ya kutengeneza mashine yake. Lililobaki ni siku kumi na moja ambazo kinu kilinyamaza, na wateja wa mama wakaenda kwingine. Katika mlango wa ghasbu Mashafii hutoza manufaa yaliyopotea, na Wahanafi kwa asili hawatozi. Lakini mimi sikupora kitu, nilijifanya najua. Nimempelekea sheikh wetu swali hili na bado analitafiti. Mama mwenyewe nilipomtajia zile siku kumi na moja alicheka, akaniuliza kama nimekwisha kula.