Jina la Kijiji Ni Wasia

Wazee wa Kimakonde walisimulia kwamba mtu wa kwanza aliishi peke yake porini. Akachonga mti kwa umbo la mwanamke, akausimamisha juani, na kulipokucha akamkuta mke. Walikaa kando ya mto Ruvuma. Mtoto akazaliwa mfu. Wakapanda juu kidogo, wa pili naye akafa. Walipofika Mahuta, juu kabisa, wa tatu akaishi. Mjerumani Karl Weule, aliyezunguka Masasi na Newala mwaka 1906, alinukuu kitabuni mwake kisa kinachofanana na hicho.

Ukishakijua, hushangai kwamba Wamakonde walijenga juu, na maji wakayateka bondeni. Mabondeni kulikuwa na homa, na ndiko wavamizi walikopita. Anayetaja Mahuta amekwisha kutoa onyo lote hilo kwa neno moja.

Si kila jina lina uzito huo. Mbuyuni ni Mbuyuni, basi. Pengine mahali palijulikana kwa mwenyeji wake: wageni wa zamani waliofika Newala walisema wamekwenda kwa chifu Matola, na Matola alipokufa, mrithi alivaa jina lake, hivyo msafiri hakupotea. Wapolandi nao wanavyo vijiji vilivyotokana na majina ya waliovianzisha, na vingine viitwavyo Wola, yaani uhuru, kwa kuwa walowezi wake wa kwanza walisamehewa kodi kwa miaka kadhaa.

Masasi ingeweza kuitwa Uhuru kwa haki zaidi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alitoka Unguja na watumwa waliokombolewa, nia yao ikiwa kufika Ziwa Nyasa, wakaishia hapo. Wahenga husema mkataa kwao mtumwa. Hawa hawakukataa kwao, walinyang'anywa. Hata hivyo hawakubandika jina jipya. Walilikuta Masasi, wakaliacha Masasi. Mimi naiona hiyo kuwa adabu kubwa ya mgeni, na wenye madaraka hawakuifuata sikuzote.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilikusanya watu wa vitongoji vingi chini ya jina moja. Vitongoji vikarudi pori, na majina yake yakabaki vinywani mwa wazee. Nenda ghalani msimu wa korosho, Oktoba, magunia yakipangwa kwenye mzani: karani anaandika jina la kijiji lililosajiliwa, lakini bibi aliyeleta gunia atakwambia mikorosho yake iko kwingine, penye jina ambalo halimo katika daftari lolote. Chiungutwa, Chigugu na Chilangala zimebahatika. Zimeingia katika karatasi za serikali na Chi- yake ya nyumbani, bila kugeuzwa Ki- ya Kiswahili.

Mwenyekiti wa kijiji, na wewe mtendaji mwenye muhuri: kabla mvua hazijaanza, waiteni wazee barazani, muwaulize kila kitongoji kiliitwaje, nani alikianzisha na kwa nini alihama. Yaandikeni majibu katika daftari la kijiji, kwa matamshi yao.