Mfalme Aliyekwenda Mshazari

"Mbona siku hizi ukishindwa unacheka?"

Jirani yangu, fundi cherehani, aliniuliza hivyo jioni moja tulipomaliza mchezo wa pili, naye anazirudisha kete ndani ya kopo la maziwa ya unga tunamozihifadhia. Nikamjibu kwamba ni uzee. Akakataa. "Wazee ninaowajua mimi, Mwalimu, ndio wakali zaidi wakifungwa bao." Na alikuwa na haki ya kukataa, kwa sababu kibanda chake kinatazamana na mlango wangu hapa Tanga, na kwa miaka mingi aliniona nikirudi kutoka mashindano ya Dar es Salaam au Nairobi usiku wa Jumapili, mkoba begani, nikipita bila kumsalimia mtu.

Swali lake limenikaa. Mashindano nimeyaacha miaka sita sasa, lakini sataranji sijaiacha. Naicheza zaidi kuliko zamani, tena kwa furaha ambayo sikuwa nayo nilipokuwa na nguvu ubaoni. Nataka kujua furaha hiyo ni kitu gani. Kusema kwamba mchezo umekuwa mwepesi hakutoshi, maana wepesi uko wa namna nyingi: kuna wepesi wa unyoya na kuna wepesi wa mtu aliyetua mzigo, na aina hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Kiswahili kina neno zuri kwa mtu wa aina yangu. Asiyelipwa kwa mchezo wake tunamwita mchezaji wa ridhaa. Ridhaa ni kukubali kwa moyo, ni kuridhika. Nilikuwa mchezaji wa ridhaa kwa miaka 22, na katika miaka hiyo siku nilizocheza nikiwa nimeridhika naweza kuzihesabu kwa vidole. Sikulipwa hata senti, lakini nilikuwa nimeajiriwa na namba.

Kila mchezaji wa mashindano ana alama zake. Mfumo wa kuzikokotoa ulibuniwa na Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa mwalimu wa fizikia huko Milwaukee, Marekani, na FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, liliuchukua mwaka 1970. Wazo lake ni la busara na halina kiburi. Tofauti ya alama kati ya watu wawili inakadiria matokeo yao: aliyemzidi mwenzake kwa alama 200 anatarajiwa kupata kama pointi 76 katika michezo 100. Ukipata zaidi ya ulivyotarajiwa, unapanda. Ukipata pungufu, unashuka. Ni makadirio. Elo mwenyewe aliifananisha kazi hiyo na kupima kizibo kinachoelea majini, kwa rula iliyofungwa kwenye kamba inayoyumbishwa na upepo. Mimi sikuyachukua kama makadirio. Nilipokuwa na 1,764 nilijiona mtu wa 1,764, na zilipofika 1,691 nilijihisi nimepungua mwilini.

Kuna mchezo mmoja wa raundi ya mwisho ambao bado ninayo karatasi yake. Mpinzani wangu alikuwa kijana wa kidato cha tatu, nami nilikuwa nimemzidi ngome nzima. Nikaanza kuhesabu, na nilichokihesabu hakikuwa hatua za mbele bali alama nitakazorudi nazo nyumbani. Katikati ya hesabu hiyo nikagusa farasi. Sheria ya mashindano ni kwamba kete uliyoigusa lazima uicheze, na farasi yule ndiye aliyekuwa akimlinda mfalme wangu. Hatua tatu baadaye nikampa kijana mkono, na kwa siku mbili sikuzungumza na watu wa nyumbani mwangu. Mwaka jana niliifungua karatasi ile, nikapanga kete, nikaucheza mchezo tena peke yangu mezani. Ndipo nilipoona alichokifanya yule mtoto. Alikuwa amemweka malkia wake mahali ambapo ningeweza kumla bure, na ningemla, mfalme wangu angekosa pa kukimbilia kwa sababu ya askari wangu mwenyewe. Ni hatua nzuri mno. Ilichezwa mbele ya macho yangu, nusu mita kutoka usoni pangu, nami sikuiona. Nilichoona ni alama zinaondoka.

Kwa hiyo jibu la haraka kwa fundi lingekuwa kwamba nacheka kwa sababu sijali tena. Nililiamini kwa muda. Siku za kwanza baada ya kustaafu nilicheza naye hivyo, nasogeza kete kama mtu anayepunga upepo. Nikikosea narudisha hatua, akikosea yeye namwambia arudishe. Haikuchukua wiki mbili, akausukuma ubao kando. "Kama unanionea huruma, Mwalimu, bora tunywe kahawa tu."

Aliumia, nami nikaelewa kwamba nimemkosea adabu. Bernard Suits, mwanafalsafa aliyefundisha Kanada, aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hilo mwaka 1978. Kwake yeye, kucheza ni kujitwika kwa hiari vikwazo ambavyo si vya lazima. Kama ninachokitaka ni kumwona mfalme wa fundi amelala ubaoni, ningemlaza kwa kidole na kazi ikaisha. Naikubali njia ndefu, yenye sheria zake zote, kwa kuwa njia ndiyo iliyonileta. Lakini njia haiwi njia pasipo mahali inapokwenda. Asiyetaka kushinda hachezi. Anasogeza vipande vya mbao, na anamnyima mwenzake mchezo pia, maana fundi hawezi kuuzingira mji ambao hauna mtu anayeulinda.

Basi kutaka kushinda ni lazima, na kutaka kushinda ndiko kulikonitesa miaka 22. Hapo ndipo penye fundo.

C. Thi Nguyen, mwanafalsafa wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 2020 anatenganisha wachezaji wawili: anayeshindana ili aupate ushindi, na anayejivika hamu ya ushindi ili apate kushindana. Mimi napenda kuliweka hivi, kwamba lengo ni kitu kimoja na sababu ni kitu kingine. Mgeni akija nyumbani tunampikia pilau, na lengo la jikoni ni pilau iive sawasawa, kila punje peke yake. Tunalisimamia lengo hilo kwa dhati, tunagombana juu ya moto na maji. Lakini mgeni hatukumwita kwa sababu ya pilau. Ikiungua tutasikitika, tena kweli, na mgeni atakuwa bado yupo sebuleni.

Nilipomweleza fundi haya alinyamaza, kisha akaleta methali, na methali yake ndiyo iliyonishughulisha kuliko vitabu vya wanafalsafa wote wawili. "Njia mbili zilimshinda fisi," alisema. Alikuwa na maana kwamba moyo ni mmoja. Huwezi kuutuma ukautake ushindi kwa dhati na papo hapo ukauagiza usiutake. Fisi alisikia harufu ya nyama pande zote mbili za njia panda, akataka kwenda kote, akapasuka msamba.

Sikuwa na jibu. Jibu nililipata ubaoni, katika fumbo ambalo Richard Réti alilichapisha mwaka 1921. Réti ndiye aliyemshinda bingwa wa dunia Capablanca huko New York mwaka 1924, wakati Capablanca alikuwa amekaa miaka minane bila kushindwa, lakini mimi nampenda zaidi kwa kete nne tu. Ziko hivi. Mfalme mweupe yuko h8, pembeni kabisa mwa ubao. Askari wake yuko c6, mbali naye. Mfalme mweusi yuko a6, hatua mbili tu kutoka kwa askari huyo, tayari kumla. Askari mweusi yuko h5, na amebakiza hatua nne ageuke malkia. Zamu ni ya mweupe, naye anatakiwa apate sare.

Ukitazama, unasema haiwezekani. Mfalme mweupe akimfukuza askari mweusi, amechelewa hatua mbili. Akienda kumsaidia askari wake, amechelewa vilevile. Ni fisi mwenyewe, amesimama njia panda.

Réti hamkimbizi moja kwa moja upande wowote. Anampeleka mfalme g7, kisha f6, kisha e5, kwa mshazari. Na ubao wa sataranji una sifa moja ambayo ardhi tunayoikanyaga haina: mfalme akienda mshazari hatembei safari ndefu kuliko akienda wima. Hatua moja inamshusha mraba mmoja na papo hapo inamsogeza kando mraba mmoja. Kwa hiyo kila anapokanyaga anawakaribia wote wawili, askari anayemfukuza na askari anayetaka kumwokoa. Mweusi akipoteza hatua kwenda kumla askari wa c6, mfalme mweupe anageukia f4 na kumdaka yule mkimbizi. Mweusi akiendelea kukimbia, mfalme mweupe anaingia d6, na pande zote mbili zinapata malkia. Kila namna ni sare. Nimelipanga fumbo hili labda mara mia, na bado mfalme anapogusa e5 nywele zinanisimama.

Methali haijawa ya uongo. Fisi alishindwa kwa sababu njia zake mbili zilikuwa zimeachana, na kila hatua ya kuifuata moja ilikuwa hatua ya kuihama nyingine. Swali kumbe si kama moyo unaweza kubeba nia mbili. Swali ni kama kuna hatua inayozitumikia zote kwa pamoja, na katika mchezo ipo. Ninapoutazama ubao na kujiuliza hapa panataka nini, kete gani haina kazi, mwenzangu ameona nini ambacho mimi sijakiona, swali hilo ndilo linalonipeleka kwenye ushindi, na ndilo hilohilo linalonipa raha. Sihitaji kuugawa moyo. Zile alama zilinitoa kwenye mshazari. Zilinifanya nimkimbize askari kwa safu iliyonyooka, hatua mbili nyuma yake, na njiani nisione chochote.

Kwa hiyo nimeikaza tena sheria ya kugusa. Kete ukiigusa, unaicheza, hata kibandani, hata kama hakuna mwamuzi wala karatasi. Watu wengine husema tunajipa ugumu bure. Mimi naona sheria ni kuta za nyumba: ukizibomoa ili uwe huru, umebaki nje. Saa tu ndiyo tuliyoiondoa. Saa ilikuwa ya watu waliohitaji ukumbi uishe kutumika saa kumi na mbili jioni, na fundi hana haraka ya namna hiyo isipokuwa karibu na Idi.

Na yeye, nadhani, hakuwahi kuhitaji kufundishwa haya. Amekulia kwenye bao, barazani, watu wamezunguka, kila mmoja anatia neno, fundi wa bao anasifiwa na kuzomewa kwa pumzi moja. Aliponiona mara ya kwanza nimetandika ubao alihesabu miraba, akapata 64. Akasema bao la Kiswahili lina kete 64, kwa hiyo kila kete imepatiwa chumba. Alifurahi nalo jambo hilo siku nzima, nami nikamwonea wivu kwa furaha yake.

Lipo neno moja ambalo lazima niliseme, nisije nikaonekana nawahubiria vijana waache mashindano. Phiona Mutesi wa Katwe, mtaa wa maskini jijini Kampala, aliifuata sataranji mwanzoni kwa sababu watoto waliokuja kujifunza walipewa uji. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na baadaye maisha yake yakatengenezewa filamu. Nani angethubutu kumwambia binti yule acheze kwa wepesi? Kwake lengo na sababu vilikuwa vimekaa kwenye bakuli moja. Wepesi wangu umejengwa juu ya pensheni na shibe, na jicho ninalolitumia sasa kuuonea ubao lilinolewa na zilezile Jumapili nilizorudi nimenuna. Siwezi kuzikataa. Natamani tu ningeliuona uzuri wa hatua ya yule kijana siku ileile, nikamwambia usoni, badala ya kumpa mkono nikitazama sakafu.

Juzi nililipanga fumbo la Réti juu ya meza ya fundi ya kukatia, kati ya chaki na vipande vya kitenge, nikamwachia. Sikumwambia kitu ila zamu ni ya mweupe na atafute sare. Alimkimbiza askari kwa safu ya h, akashindwa. Akarudisha kete, akamkimbilia askari wa c6, akashindwa. Maghribi ikaadhiniwa tukauacha ubao ulivyo.

Asubuhi nilipofungua mlango alikuwa kishaanza kazi, anakata utepe wa shingo ya gauni, mkasi ukienda mshazari juu ya kitambaa ili utepe uvutike. Ubao ulikuwa umesogezwa ukingoni mwa meza. Askari mweusi alikuwa bado h5. Mfalme mweupe alikuwa g7.

"Zamu yako, Mwalimu," alisema, bila kuinua kichwa.