Kijani cha Mbita, Ukikitazama kutoka Juu

Hebu fungua picha ya setilaiti ya Mbita kwenye simu. Picha za Landsat ni bure tangu 2008, na Sentinel-2 za Ulaya hupita juu yetu kila baada ya siku chache. Utaona kisiwa cha Rusinga, uzi mwembamba wa daraja, na ndani zaidi bonde la Lambwe. Sasa chagua rangi za kupima mimea. Jani lenye afya hula mwanga mwekundu na kurudisha ule wa infraredi, ambao jicho halioni. Kompyuta hulinganisha hizo mbili na kutoa namba. Ikiwa kubwa, pahali hapo panapakwa kijani.

Sisi vijana wa mjini tumefunzwa kwamba kijani ni kizuri. Kizuri kwa nani?

Angalia ghuba ya Winam. Kuna siku maji yake hung'aa kijani kushinda shamba lolote. Hilo ni gugumaji. Kwa namba, ni mmea wenye afya tele. Kwa mvuvi ambaye mashua yake imekwama humo, ni siku ya kulala njaa.

Au Lambwe. Kichaka kilikuwa nyumba ya mbung'o, na mbung'o alileta malale. Vichaka vikafyekwa makusudi, watu wapate kuishi. Setilaiti ingeandika hasara. Sehemu nyingine ya bonde ilitengewa wanyama mwaka 1966, na 1983 ikawa Mbuga ya Ruma, pahali pa pekee Kenya unapoweza kumwona swala korongo porini. Nafurahi kwamba yupo. Ila mkulima wa nje ya ua asiambiwe ni mharibifu eti kwa sababu upande wake umetoka kahawia. Huenda amevuna tu!

Sentinel-2 huona dunia kwa madoa ya mita 10 kwa 10. Robo ekari ni madoa kama kumi hivi. Mti ukikatwa kwenye vilima vya Gwassi, madoa hayo yatabadilika, lakini karo ya mtoto haimo, wala kuni za mama anayekaanga mbuta sokoni.

Utaniambia bila picha wakubwa wangemeza ardhi gizani. Kweli kabisa, na sitaki zizimwe. Mto Sondu unaoingia Winam huanzia Mau, na mwaka 2001 serikali ilimega sehemu kubwa ya msitu huo. Picha zilisaidia kuonyesha ukubwa wa pengo. Lakini waliogawa ardhi na waliouziwa vipande na kupewa karatasi, wote walikuwa rangi moja kwenye picha. Watu walipofurushwa Mau mwaka 2018, waliobeba mabati na magodoro barabarani walikuwa wakulima wadogo.

Hapo ndipo naona kosa lilipo. Anayemwona mwenzake kutoka kilomita karibu 800 juu, bila kuonwa naye, ana deni la kushuka kumuuliza kabla ya kumtaja. Kwa kuanzia, mama wa Gwassi aonyeshwe picha ya shamba lake, aelezwe kwa Dholuo au Olusuba kila rangi inasema nini, apewe nafasi ya kujibu. Barua ya chifu ingoje.