Deni la Kijiti cha Pamba

Kazi yangu, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, ilikuwa kuchokonoa pua za watu. Nasema hivyo bila haya, maana ndivyo ilivyo. Watu wakisikia "mtaalamu wa virusi" hudhani ni mtu aliyejifungia ndani na hadubini yake. Kumbe kazi ya kufuatilia homa ya mafua huanzia kwenye benchi la wagonjwa, kwa kijiti chenye pamba nchani, mtoto akilia na mama akigeuza uso. Kijiti hutiwa katika kichupa, kichupa huwekwa kwenye baridi, na baridi hiyo haitakiwi kukatika mpaka maabara. Huko ndiko virusi hutambuliwa aina yake, na baadhi husafirishwa ng'ambo, kwenye maabara za mtandao wa Shirika la Afya Duniani ulioanzishwa mwaka 1952. Mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, wataalamu hukutana wakaamua chanjo ijayo itengenezwe kwa virusi vipi. Hawana budi, kwani virusi hivi hubadili sura kila uchao, na chanjo ya mwaka jana huenda isivitambue vya mwaka huu.

Basi, msikilize bibi mmoja.

Ilikuwa masika, katika hospitali moja ya wilaya ambayo sitaitaja. Bibi alikuwa amempakata mjukuu wake, mtoto wa mwaka mmoja na kitu, anayehema kwa shida. Nilimwamkia, nikamsomea karatasi ya ridhaa kwa haraka ya mtu mwenye vichupa ishirini vya kujaza, naye akaweka dole gumba. Nilipomaliza, akanitazama akauliza: "Sasa mwanangu, hicho ulichochukua ndicho kitakachomponya?"

Nikamjibu, "Ndiyo, bibi, kitasaidia."

Majibu yalitoka baada ya wiki tatu: mafua aina ya A, H3N2. Mtoto alikuwa ametibiwa kama watoto wote wa vifua wanavyotibiwa, akaruhusiwa. Kama alipona sawasawa mimi sijui, kwani katika daftari langu alikuwa namba tu.

Je, nilidanganya? Kwa miaka mingi nilijitetea. Kitasaidia, nilisema, sikusema kitamsaidia yeye. Lakini huo ni utetezi wa wakili. Bibi aliuliza juu ya mtoto aliye mapajani pake, nami nikamjibu juu ya watoto wa dunia, tena nikijua kwamba ameelewa vingine. Jambo baya zaidi ni kwamba hata watoto hao wa dunia hawakuwa wa kwetu. Chanjo ya mafua haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto hapa Tanzania. Ute uliotoka pua ya mjukuu wake ulikuwa unakwenda kusaidia kuchagua chanjo ambayo angechomwa mzee wa Ulaya kabla ya baridi kuanza. Simchukii mzee huyo. Ila bibi hakuambiwa kwamba anamkopesha.

Wenzangu wengi wangenikumbusha hapa habari ya Indonesia. Nchi ile ilifiwa na watu wengi kuliko nyingine yoyote kwa mafua ya ndege aina ya H5N1, zaidi ya 160 kwa jumla. Mwaka 2007 waziri wake wa afya, Siti Fadilah Supari, alitangaza kwamba hawatatoa tena virusi vyao ovyo, kwa kuwa vikitoka hutengenezewa chanjo na makampuni ya nchi tajiri, kisha wao wenyewe huambiwa wanunue. Kulikuwa na kelele kubwa. Walimwambia anahatarisha dunia nzima, na kweli alikuwa anaihatarisha. Walakini, malalamiko yake yalikuwa ya haki, na sioni kwa njia gani nyingine angesikilizwa. Mwaka 2009, mafua mapya ya H1N1 yalipoenea, nchi tajiri zilikuwa zimekwisha kuweka oda za chanjo mapema, na maskini wakangojea msaada. Mei 2011 nchi wanachama zilipitisha utaratibu mpya: makampuni yanayofaidika na mtandao huo yachangie fedha, na yaahidi kutenga sehemu ya chanjo siku ya janga.

Nilifurahi siku ile, tena sana. Halafu nikausoma utaratibu wenyewe. Unahusu virusi vinavyoweza kuleta janga la dunia. Mafua ya kila msimu hayamo. H3N2 ya mjukuu wa bibi haimo. Hata ingekuwamo, mapatano ni kati ya serikali na makampuni, na bibi hana kiti katika meza hiyo. Anayemwakilisha ni yule aliyeshika kijiti.

Baada ya hapo nilibadili maneno yangu. Nikawa nasema: "Mama, hiki hakitamtibu mtoto wako. Dawa atapewa na daktari, ukikubali au ukikataa. Hiki ni cha kujua ni ugonjwa gani unaotembea." Wachache walikataa, na haki yao. Mkubwa wangu alilalamika kwamba idadi ya vichupa imepungua, na kwamba sampuli chache ni upofu; nalo ni kweli, maana ugonjwa usiohesabiwa haupiganiwi bajeti. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nilimwambia tu kwamba siwezi tena kusema ile "ndiyo."

Mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nitamletea majibu hata kama hayana dawa. Nikaahidi. Yalipotoka, mwezi karibu umekwisha, nilikwenda mwenyewe, nikamkuta uani akichambua mchicha, mtoto akicheza na sufuria. Nikamweleza kilichoandikwa. Akaitazama karatasi kwa muda, akaikunja, akaichomeka ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto, akanikaribisha chai.