Uchungu wa Chausiku

Niliziona alfajiri nikikunja msala: punje nyeupe kama mchele, moja bado inajinyonganyonga. Nikajua paka ana tegu. Nikafanya vile marehemu bibi alivyotufanyia sisi watoto hapa Buzebazeba. Nikatwanga kitunguu saumu, nikakikoroga na mchuzi wa dagaa, nikambana paka magotini, nikamnywesha. Siku tano, kila kijiko na bismillahi yake.

Siku ya sita hakuweza kuinuka. Ufizi ulikuwa mweupe. Bwana mifugo alimfunua mdomo, akaniuliza taratibu, "Mama, umempa nini?" Kitunguu saumu humvunjia paka chembe nyekundu za damu. Na tegu walikuwa palepale.

Nia yangu ilikuwa njema. Je, inatosha mbele ya Mungu? Mtume alifundisha kwamba anayejitia utabibu asiojulikana nao hubeba dhamana ya madhara. Najua wapo watakaosema hiyo inahusu wanadamu. Lakini mwanadamu angeniambia kichwa kinamzunguka.

Kuna kisa cha mwaka 1987: huko Mahale, kusini mwetu ziwani, Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, pamoja na mtafiti Michael Huffman, walimwona sokwe jike mgonjwa aitwaye Chausiku akimenya tawi la mjonso, akatafuna moyo wake mchungu, akafyonza maji na kutema nyuzi. Kesho yake alikuwa na nafuu. Watongwe nao huutumia mti huo kwa tumbo na minyoo.

Kisa hiki nilikuwa nakitumia kutetea dawa zangu za jikoni. Sasa nakisikia vingine. Chausiku hakubanwa na mtu. Mola alimpa elimu ya mti wake na tumbo lake, kama alivyomfunulia nyuki. Paka wangu naye aligeuza shingo, akauma meno, akanikwaruza mkono. Nilidhani ni ukaidi. Huenda ndiyo elimu aliyopewa, nami nikaishinda kwa nguvu za magoti nikaiita huruma. Kosa hilo naliombea toba, wala sioni haya kumwomba radhi paka.

Bwana mifugo alisubiri paka apate nguvu, akampima kwenye mizani, ndipo akakata kidonge cha tegu. Akanihimiza nifue matandiko na kuua viroboto, maana paka akimeza kiroboto wakati wa kujilamba, tegu hurudi.

Jioni hizi paka wangu hutoka kutafuna ukoka chini ya mwembe. Nasimama mlangoni, simgusi.