Upendo Unaohitaji Usimamizi



Wapendwa wa Viwanja Sitini, hapa Ifakara, somo la kwanza la Dominika ya Tano ya Pasaka, Mwaka A, linatupeleka Yerusalemu, Kanisa likiwa bado changa (Mdo 6:1-7). Waamini wanazidi kuongezeka na chakula kinagawiwa kila siku, lakini wajane wa Kiyahudi wenye kusema Kigiriki wanarukwa. Manung'uniko yanaanza. Luka hasemi kwamba kuna aliyeiba, wala kwamba chakula kilipungua. Kazi ilikuwa imekua, mpangilio ukabaki nyuma. Mitume walikuwa watu wa Mungu, na bado wajane walikosa chakula.

Hapo ndipo ninapoomba tukae na Neno wiki hii: upendo usiosimamiwa vizuri humwacha mnyonge nje.

Tulione hilo leo katika zahanati. Mganga mfawidhi mara nyingi ni tabibu au muuguzi aliyesomea kutibu. Siku anapokabidhiwa kituo, anakuta kazi nyingine inamsubiri: kupanga zamu, kuandaa mpango na bajeti ya mwaka, kuagiza dawa Bohari ya Dawa kabla hazijaisha, kuitisha kamati, kutunza stakabadhi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Hilo ni jema, maana uamuzi umesogea karibu na mgonjwa. Lakini mzigo umesogea pia, na si kila aliyetwishwa amefundishwa kuubeba.

Masika yakikolea na mto Lumemo ukajaa, homa za watoto hazingoji. Mama anafika dirisha la dawa na kuambiwa, "Imekwisha, kanunue dukani." Muuguzi anayemjibu huenda hajapumzika tangu alfajiri, na moyo wake si mbaya. Kilichokosekana ni oda iliyopaswa kutumwa wiki kadhaa nyuma.

Mkoa wetu wa Morogoro una ushahidi kwamba jambo hili hurekebishika. Katika miaka ya 1990, mradi wa afya uitwao TEHIP ulifanya kazi na timu za afya za wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji. Timu ziliwekewa mbele picha mbili: magonjwa yanayoua watu wao, na mahali fedha zao zinapokwenda. Morogoro, malaria ilibeba takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, ilhali bajeti ya 1996 iliitengea karibu asilimia 5 tu. Timu zilipanga upya, zikajifunza kusimamia, zikaongezewa fedha kiasi kidogo. Katika miaka michache vifo vya watoto katika wilaya hizo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Nyuma ya namba hiyo wamo watoto waliokua, wakasoma, na leo wana watoto wao.

Turudi Yerusalemu: mitume walifanya nini? Kwanza waliyasikiliza manung'uniko bila kukasirika. Kisha wakaiachia jumuiya ichague watu saba wenye sifa njema, wenye Roho na hekima. Majina ya wote saba ni ya Kigiriki. Inaelekea waliaminiwa walewale waliojua uchungu wa kurukwa. Mwisho wakawaombea na kuwawekea mikono, ili kila mtu ajue nani amekabidhiwa nini.

Ndugu wafawidhi, kuomba kufundishwa hesabu na upangaji hakuwapunguzii heshima. Ikagueni leja ya dawa pamoja na wenzenu, na mdogo wenu kazini mumfundishe mnachokijua. Ninyi wenye mamlaka, msimkabidhi mtu funguo mkamwacha peke yake. Ziara za usimamizi shirikishi ziende kufundisha, zisiende kutafuta makosa tu. Mji wetu una urithi wa kazi hiyo: tangu mwaka 1961, kilipoanzishwa kituo cha mafunzo cha Rural Aid Centre, Ifakara imekuwa ikiwaandaa watumishi wa afya wa vijijini.

Nasi wengine tuna sehemu yetu. Kamati ya usimamizi wa kituo ina nafasi za wananchi. Tuwachague wanaowajua wagonjwa wa mtaa wao na wanaoweza kuuliza kwa upole, kisha tuhudhurie mapato na matumizi yanaposomwa.

Tuombe: Bwana, wape watumishi wetu wa afya hekima ya kupanga kama ulivyowapa huruma ya kutibu. Wape walimu wavumilivu na wakubwa wenye kusikiliza. Nasi utupe moyo wa kusema ukweli bila kumvunja mtu, ili asiwepo miongoni mwetu wa kukosa dawa kwa sababu amesahauliwa. Amina.