Nyota za Kishikwambi

Sensa ya mwaka 2022 ilipokwisha, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu Watanzania viligawiwa walimu. Katika kisa hiki, kimoja kilimwangukia mwalimu wa Darasa la Pili mwenye watoto zaidi ya themanini, akiwemo mvulana asiyekalika. Ukimtuma chaki anarudi na embe bichi. Akianza kuandika "baba" anaishia "ba", macho yakiwa dirishani. Daktari alishamweleza mama yake kwamba ni ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutawala umakini na mihemko yake. Si ukorofi, wala si malezi mabaya.

Mwalimu akapakia mchezo wa silabi, akampa. Darasa likapata amani siku hiyo hiyo. Mtoto aliinamia kioo kipindi kizima, nyota zikimiminika.

"Mama, siku hizi ametulia," mwalimu alimwambia mama getini, na mama akamshukuru Mungu.

Simlaumu mwalimu. Mwenye watoto themanini, mmoja msumbufu akinyamaza, hana muda wa kuuliza kwa nini.

Likizo ya Juni, bibi yake alimwonyesha pakiti ya majani ya chai. "Hebu nisomee hapa, mjukuu wangu."

"Chai!"

Bibi akaziba picha ya kikombe kwa kidole gumba. Mtoto akakitazama kidole, kimya.

Mama alipoleta habari shuleni, mwalimu akaketi kando ya mtoto, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ampe kifaa. Sauti inasema "ka", picha tatu zinatokea, na mtoto anazigonga zote kabla sauti haijaisha. Mchezo haukuwa na adhabu ya kukosea: ulisubiri tu aguse iliyo sahihi, kisha nyota. Alichokuwa amejifunza ni kugonga haraka.

Mtoto mwenye ADHD anaweza kuzama kabisa katika kitu chenye rangi, sauti na zawadi ya papo hapo, lakini kuzama huko hakumfuati kwenye daftari. Mwaka 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha mchezo wa video, EndeavorRx, uandikwe na daktari kwa watoto wenye ADHD wa miaka 8 hadi 12. Kwenye utafiti wake, alama za kipimo cha umakini cha kompyuta zilipanda. Wazazi, hata hivyo, hawakuona nafuu iliyozidi ile ya watoto waliopewa mchezo wa kulinganishia.

Kishikwambi hakikufungiwa kabatini. Michezo ilifutwa, arifa zikazimwa, kikageuzwa saa: duara jekundu likipungua kwa dakika tano za kuandika, maana mtoto huyu hajui muda unapita mpaka auone. Duara likiisha, anainuka kufuta ubao. Mwalimu alirekodi maagizo kwa sauti yake, moja moja, kwa kuwa akipewa matatu kwa mpigo la pili hupotea njiani. Silabi zenyewe zikahamia kwenye vizibo vya soda, azipange kwa mkono na kuzitamka mbele ya mtu.

Kelele zikarudi, hata mwalimu wa darasa la jirani akalalamika. Novemba, mama alipouliza maendeleo, mwalimu alicheka kwanza.

"Anasumbua kuliko mwanzo, mama. Jana kasoma 'karata' na 'kalamu' bila picha. Ila r na l bado anazichanganya."